Kanda Sita, Mwalimu Mmoja

Kuna mambo mawili yanayoweza kuwagombanisha wazazi wa Kaunti ya Montgomery waliokuwa wakinywa chai pamoja kwa amani: mipaka ya shule na programu za magneti, zile za kipekee zinazovuta watoto kutoka mitaa ya mbali. Mwaka 2025 uongozi wa shule za kaunti hii ya Maryland, iliyopakana na jiji la Washington upande wa kaskazini, uliyashika yote mawili kwa mpigo. Mpango wa Thomas Taylor, msimamizi mkuu aliyeanza kazi katikati ya 2024, ni kuigawa kaunti katika kanda sita. Kila kanda iwe na programu zake maalumu za sekondari, na mtoto aombe ndani ya kanda yake tu. Zile programu chache zilizokuwa zikivuta watoto kutoka pembe zote zigeuke kuwa za kanda. Mwaka uliowekwa wa kuanza ni wa masomo wa 2027-28.

Tangu hapo, ukikutana na Mtanzania au Mkenya mwenye mtoto wa darasa la sita au la saba kwenye maegesho ya kanisa, habari za nyumbani zinasubiri. Linaanza suala la kanda.

Kwa msomaji aliye Dodoma au Mombasa, nieleze kidogo. Huku mtoto hapangiwi shule kwa mtihani, hupangiwa kwa anwani. Nyumba yenu ikiwa upande huu wa barabara anakwenda shule hii, mkihamia ng'ambo anakwenda ile. Ndiyo maana shule ni ya bure lakini ada yake imefichwa ndani ya bei ya nyumba, na nyumba mbili zilizofanana tofali kwa tofali zinaweza kuachana bei kwa sababu ya mstari wa kwenye ramani. Magneti ni mlango wa pembeni. Ndani ya shule ya kawaida ya serikali huwekwa programu ya kipekee, iwe ya hisabati, ya sanaa au ya lugha, na watoto wa mitaa ya mbali huruhusiwa kuomba. Hupimwa kwa alama, kwa mitihani na kwa maandishi yao wenyewe. Akikubaliwa, kaunti humpelekea basi la njano.

Montgomery ina watu zaidi ya milioni moja na wanafunzi takriban 160,000. Kati ya sekondari zake 25 za kawaida, tatu ndizo zilizojenga jina kwa magneti. Montgomery Blair ya Silver Spring ina hisabati, sayansi na kompyuta. Richard Montgomery ya Rockville ina diploma ya kimataifa, hiyo inayoitwa IB. Poolesville iko magharibi, kwenye mashamba ya mahindi na farasi, na shule nzima imegeuzwa magneti. Mpango mpya unataka kila kanda iwe na tiba na afya, sayansi na uhandisi, IB na masomo ya jamii, sanaa na mawasiliano, na uongozi pamoja na utumishi wa umma. Ukizidisha kwa sita, orodha inakuwa ndefu hadi macho yanauma.

Niseme mapema maslahi yangu yako wapi. Mwanangu wa kwanza alipita magneti ya Blair. Mdogo wake yuko shule ya kati, na akimaliza darasa la nane atakutana na utaratibu mpya. Tunaishi Silver Spring, si mbali na Blair. Mpango unaiachia Blair sayansi yake, ila kwa watoto wa kanda yake. Maana yake mwanangu wa pili atashindana na watoto wa shule chache za jirani badala ya nusu ya kaunti, na walimu waliomfundisha kaka yake atawakuta palepale. Ningekuwa naangalia tumbo langu tu ningekaa kimya. Wapo wanaofanya hivyo, na siwalaumu.

Lakini hadithi ya shule hizi haikuanza na mwanangu. Kwa miaka mingi Bodi ya Elimu ya kaunti ilikutana Rockville, barabara ya Hungerford Drive, katika jengo liitwalo Carver. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1951 likiwa sekondari ya watoto weusi, sekondari pekee waliyokuwa nayo katika kaunti nzima. Mtoto mweusi wa Poolesville alipanda basi akapita shule za weupe zilizokuwa karibu na kwao, akaenda mpaka Rockville. Kwa hiyo sekondari ya kaunti nzima, yenye mabasi ya masafa marefu, Montgomery waliijua kabla ya mtu yeyote kutamka neno magneti. Iliundwa ili watoto wasichanganyike. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954, iliyokataza kutenga shule kwa rangi, kaunti ilianza kuchanganya shule polepole, na Carver ikafungwa kama sekondari mwaka 1960. Baadaye wajumbe wa bodi wakawa wanakaa humo kujadili nani apande basi gani.

Magneti ya Blair ilizaliwa mwaka 1985, na nia yake ilikuwa kinyume cha Carver. Eneo la chini la kaunti, lile linalogusana na Washington, lilikuwa linabadilika haraka. Familia za wageni na za weusi zilikuwa zinaongezeka, za weupe zinahama. Kaunti haikutaka kulazimisha watu kwa amri, kwa hiyo ikaweka kitu kizuri ndani ya Blair ili familia za mbali zije zenyewe. Zikaja. Wapo waliosema tangu siku hizo kwamba matokeo yake ni shule mbili chini ya paa moja: magneti wakiwa kwenye maabara zao na watoto wa mtaani kwenye madarasa yao, wakikutana kwenye korido na kwenye mpira. Mwanangu angewaambia kuwa bendi na timu ya mbio ziliwachanganya kuliko darasa lolote, na hilo nalo lina thamani yake.

Kisha mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliizuia kaunti hii kutumia rangi ya mtoto kuamua maombi ya kuhamia magneti, katika kesi iliyohusu shule moja ya msingi. Hapo magneti ikabaki na mwili bila ile roho yake ya kwanza. Ilianza kama dawa ya ubaguzi, ikageuka zawadi ya wenye alama. Ripoti ambayo bodi yenyewe iliiagiza kwa kampuni ya Metis, iliyotoka 2016, ilionyesha kile ambacho kila mtu aliyehudhuria hafla ya magneti alikuwa amekiona kwa macho: watoto weusi na Walatino ni wachache mno humo ukilinganisha na wingi wao katika kaunti. Kaunti ikabadilisha namna ya kuwachuja watoto wa shule za msingi na za kati, baadaye ikaleta hata bahati nasibu kwa wale waliofikia kiwango. Mwaka 2020 kundi la wazazi wa asili ya Asia likashtaki, na jaji akaitupa kesi hiyo 2022. Ng'ambo ya mto Potomac, huko Virginia, shule ya Thomas Jefferson, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1985, ilipita kesi kama hiyo mpaka Mahakama Kuu ilipokataa kuisikiliza mwaka 2024. Virginia walipigania nani apite mlangoni. Montgomery wameona afadhali nyumba igawanywe.

Hoja ya kaunti si ya kubeza, na inaniudhi ninaposikia wazazi wenzangu wa magneti wakiizungumzia kana kwamba ni njama. Blair huchukua takriban wanafunzi 100 wa magneti kwa mwaka. Mtoto wa 101 hana upungufu wowote ambao wa 100 hana. Huenda alikuwa na homa siku ya mtihani. Anarudishwa shule ya mtaani kwake, ambako pengine somo la juu kabisa la hisabati analimaliza akiwa na mwaka mzima mbele yake. Kaunti inasema nafasi ziwe nyingi na ziwe karibu. Nani atapinga hilo?

Halafu kuna basi. Basi la magneti haliji mlangoni kwako. Linasimama kwenye vituo vya pamoja, mara nyingi penye shule nyingine, na kumfikisha mtoto kituoni ni kazi ya mzazi. Sekondari huanza saa 1:45 asubuhi. Mtoto anayeishi mbali huamka giza halijaachia, na ziko familia ambazo hata hilo la kituo haziliwezi. Namfahamu mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Bukavu, tunayesali naye. Anahudumia wazee usiku kwenye nyumba ya kulelea, anatoka kazini saa ambayo basi limeshaondoka. Mwalimu alimwambia mwanawe ajaribu magneti. Mtoto alikuwa tayari, mama akakataa.

"Baba, nitamwacha na nani asubuhi barabarani, na baridi hii?" aliniuliza. Sikuwa na la kumjibu.

Barua zenyewe za kueleza programu hizi hutafsiriwa kwa lugha kama Kihispania, Kifaransa, Kichina, Kikorea, Kivietinamu na Kiamhari. Mama huyo anasoma Kifaransa, kwa hiyo ilimfikia. Shangazi zetu wengi wa Kigoma na Kisii wanaosaidia kulea wajukuu huku hutegemea mtu awasomee.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Tunazungumza habari za nafasi, nafasi, nafasi, kana kwamba kilichokuwa adimu Blair ni viti. Kiti hununuliwa. Kilichokuwa adimu ni mtu anayesimama mbele ya viti.

Mwanangu alisoma humo masomo ambayo mimi niliyakuta chuo kikuu, na mengine sikuyakuta kabisa. Kuna fizikia ya kwanta. Kuna uchanganuzi wa namba changamano. Kuna somo zima la wadudu, ambalo lilifanya nyumba yetu iwe na vichupa vya mende kwenye dirisha la jikoni hadi mama yake akaweka sheria. Masomo haya hayatoki kwenye kitabu kimoja kilichochapwa na wizara. Mwalimu ameyatunga, ameyafundisha mwaka baada ya mwaka, amekata kisichofaa na kuongeza kinachofaa. Mwalimu mwenyewe huwa ni mtu aliyeweza kwenda kufanya kazi kwenye maabara au kampuni kwa mshahara mkubwa zaidi, akaamua kubaki na watoto wa miaka 16 kwa sababu watoto wenyewe wanamsisimua. Nao wanamsisimua kwa kuwa wamekusanyika. Akiuliza swali mikono 20 inanyanyuka, na mmoja wao atauliza jambo ambalo mwalimu atalala nalo.

Tuseme, kwa mfano tu, kati ya watoto 100 wa mwaka mmoja wapo 20 wanaotaka somo la ngazi ile. Darasa limejaa, mwalimu ana kazi, ratiba inakubali. Wagawe watoto hao kwenye shule tatu. Kila shule inapata sita au saba. Huku nafasi za walimu hutolewa kwa kuhesabu wanafunzi, na mkuu wa shule atakayempa mwalimu kipindi kizima kwa ajili ya watoto sita, wakati darasa la kiingereza lina 33, atakuwa na maswali ya kujibu. Atakachofanya ni kuwaambia watoto hao wasome kwa kompyuta, au wachukue masomo ya Montgomery College, chuo cha kaunti ambacho kimekuwa kikiwapokea wanafunzi wa sekondari. Si jambo baya. Lakini kundi halipo tena, na mwalimu aliyebaki na madarasa ya kawaida tu ataanza kusoma matangazo ya kazi. Chandarua kimoja ukikikata vipande sita hujafunika vitanda sita.

Wanaounga mkono mpango watanijibu kwamba kaunti imeshagawanya kabla na mbingu hazikuanguka. Ni kweli, na mfano wao bora ni Poolesville. Hadi 2006 ilikuwa shule ndogo ya mji mdogo, mbali na kila kitu. Kaunti ikaigeuza magneti ili watoto wa juu ya kaunti wasisafiri mpaka Silver Spring, na leo inatajwa mara kwa mara miongoni mwa sekondari bora za Maryland. Nakubali kabisa. Ila angalia namna walivyofanya. Ilikuwa shule moja, si sita. Shule nzima iliingizwa kwenye mpango, kwa hiyo hapakuwa na mabaki ya kuonewa. Na ilipewa nusu ya kaunti, eneo la kutosha kukusanya watoto na kuwafanya wawe kundi.

Mfano mwingine wa hapahapa unasimulia habari tofauti. Kaunti ilishafungua IB za kanda kwenye shule za Kennedy, Springbrook na Watkins Mill, ili watu wasiililie Richard Montgomery peke yake. Ni diploma ileile, mitihani ileile inayosahihishwa nje ya nchi. Ninao marafiki ambao watoto wao wamesoma kwenye hizo za kanda na wamefika mbali. Pamoja na hayo, katika mazungumzo yote ya wazazi niliyosikiliza, bado sijakutana na aliyesikitika kwamba mwanawe amekosa Kennedy akalazimika kwenda Richard Montgomery. Jina la programu liligawanywa. Imani ya watu, na pamoja nayo watoto wale ambao walimu wote wanawataka, ilibaki palepale.

Majirani zetu wa Prince George's, kaunti ya mashariki ambako Watanzania na Wakenya wengi wamenunua nyumba kwa sababu bei inavumilika, wamekuwa na mfumo wa kanda kwa miaka mingi. Programu yao ya sayansi na teknolojia iko kwenye sekondari tatu: Eleanor Roosevelt ya Greenbelt, iliyotangulia katika miaka ya 1970, Oxon Hill ya kusini, na Charles Herbert Flowers. Mtoto hupelekwa kulingana na anakoishi. Shule zote tatu zimetoa wahandisi na madaktari, na hakuna anayeona ajabu kwamba mtoto wa kusini hasafiri hadi Greenbelt. Kwa hiyo kanda zinawezekana. Ila uliza mzazi yeyote wa huko ni shule gani anaitaja kwanza, utasikia Roosevelt. Na hizo ni tatu.

Labda nina wasiwasi kupita kiasi kwa sababu ya mahali nilikotoka. Mimi nilisoma Mzumbe, nikitokea Songea. Mzumbe ni moja ya zile za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Kilakala na nyinginezo. Mtoto wa Ruvuma alilala kitanda cha chini, wa Kagera cha juu, na ukitaka kumtania Mhaya ulikuwa naye pale. Serikali ilitaka tukusanyike, na tulikusanyika kwa gharama ya safari ya basi lililojaa hadi mlangoni na chakula ambacho sitakielezea hapa. Tulikuwa wachache. Wenzangu wengi wa darasa la saba, wenye akili ambazo mimi sina, walibaki kijijini kwa sababu nafasi za sekondari nchini zilikuwa za kuhesabu.

Ndipo ukaja mpango wa kupanua sekondari, MMES, kuanzia 2004, na Edward Lowassa alipokuwa waziri mkuu akausukuma kwa nguvu zake zote: kila kata iwe na shule ya sekondari. Wananchi walichangishwa, tofali zikafyatuliwa. Sekondari nchini zilikuwa chini ya 1,500 mwaka 2004, zikavuka 4,000 ilipofika 2009. Nani mwingine amewahi kufanya jambo kubwa namna hiyo kwa kasi ile? Mdogo wangu wa kike aliingia shule ya kata iliyokuwa imeezekwa mwaka huohuo. Walikuwa na madawati, walikuwa na kengele ya rimu ya gari, walikuwa na bendera. Mwalimu wa hisabati hawakuwa naye. Wakaletewa kijana aliyemaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache, wale ambao nchi nzima iliwaita Voda Fasta. Alijitahidi, masikini. Alikuwa anasoma sura ya kesho usiku wa leo.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, yaani walifeli. Serikali ikayafuta, ikapanga viwango upya na kuyatangaza tena. Kelele zilikuwa kubwa, lawama zikaenda kila upande, na jina la shule ya kata likawa tusi la utani mitaani.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema shule za kata hazikufaa. Mdogo wangu leo ni muuguzi Mbeya. Bila ile shule angeolewa akiwa na miaka 17, na hili analisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wazee. Shule zile zimeendelea kupata walimu kidogo kidogo, na nyingi sasa si zile zilizochekwa. Ninachokikumbuka ni mpangilio wa mambo: majengo yalitangulia, walimu wakafuata miaka mingi baadaye, na kizazi kilichokuwa katikati ndicho kilicholipa tofauti. Mzumbe na Ilboru, kumbuka, hazikuguswa. Hakuna aliyesema kwamba ili Namtumbo wapate sekondari ni lazima Mzumbe iwe ya Morogoro tu.

Hapo ndipo Montgomery wananishangaza. Nchi isiyo na fedha ilipanua chini na kuacha juu palipokuwa. Kaunti tajiri inapanua kwa kukata kilele.

Na hizo kanda zenyewe hazilingani. Anayeijua kaunti hii anajua kwamba utajiri umeelemea magharibi. Bethesda na Potomac kuna nyumba zinazouzwa kwa mamilioni na watoto waliofundishwa hisabati za ziada kila Jumamosi tangu darasa la pili. Ukivuka kwenda mashariki, kwenye barabara ya New Hampshire na Briggs Chaney, unakuta maghorofa ya kupanga, familia tatu kwa vyumba viwili, na Kiamhari, Kihispania na Kifaransa cha Afrika kwenye ngazi. Kanda yenye Bethesda ndani yake itajaza darasa la hisabati ya juu bila kutafuta. Kanda yenye familia za kuhangaika itaambiwa programu ni ileile, jina lileile, nembo ileile mlangoni, na baada ya miaka mitatu somo litaondolewa kwa kukosa wanafunzi. Waandaaji wa ramani wamejaribu kuchanganya maeneo ndani ya kanda, nawasifu kwa hilo, lakini ramani haihamishi mtu. Magneti ya kaunti nzima, pamoja na dhambi zake zote, ndiyo ilikuwa njia ya mtoto wa Briggs Chaney kukaa dawati moja na wa Potomac bila baba yake kununua nyumba Potomac.

Jirani yangu mmoja Mkenya, mtu wa Machakos, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mimi natetea ngazi ambayo mwanangu ameshaipanda. "Kwetu," ananiambia, "shule za kitaifa zilikuwa 18. Serikali ikapandisha hadhi nyingine hadi zikavuka 100. Mlilia hivihivi. Alliance ilikufa?" Haikufa. Nikamuuliza, hizo mpya zilipopandishwa, Alliance ilikatazwa kuchukua mtoto wa Machakos? Akacheka, akasema nimwachie nyama zake zisiungue. Tulikuwa kwenye nyama choma ya Siku ya Uhuru ya Marekani, na wake zetu walikuwa wameshachoka na habari za kanda.

Nilipojiandikisha kuzungumza mbele ya bodi niliandika mambo matatu, maana dakika wanazokupa hazitoshi hata salamu za kwetu. La kwanza, anzeni na kanda mbili, zile zenye shule ambazo watoto wake huomba kwa uchache zaidi, muwape walimu mapema, mwaka mzima kabla ya mtoto wa kwanza kuingia, wakae Blair na Richard Montgomery wajifunze kazi na walipwe kwa mwaka huo. La pili, ziacheni Blair na Richard Montgomery zipokee watoto wa mbali mpaka kundi la kwanza la kanda lihitimu. Walioingia darasa la tisa mwaka 2027 watamaliza 2031. Hapo mtakuwa na matokeo ya kuwaonyesha watu badala ya mchoro.

La tatu ni basi. Kama kweli kinachomzuia mtoto wa yule mama wa Bukavu ni umbali, basi tatizo lake lina magurudumu. Ongezeni vituo, visogezeni kwenye maghorofa ya kupanga badala ya kuviweka kwenye shule ambazo huwezi kufika bila gari, na awepo mtu mzima wa kukaa na watoto pale asubuhi. Hilo halihitaji ramani mpya wala kura ya mipaka, na linaweza kuanza Agosti ijayo shule zikifunguliwa.